Mita 119 za kitani

Nilimkwepa mwenzangu kwa wiki sita. Akipiga simu, naiacha iite mpaka ikate. Aliponiandikia, "Dada, mzigo unaendaje?" nilimjibu kwamba soko limekuwa gumu. Soko halikuwa gumu hata kidogo. Asubuhi moja nilikuwa nimefungua robota la mwisho stoo nikapokewa na harufu ya udongo mbichi, na kitambaa cheupe kimejaa vidoa vyeusi, kama mtu aliyekipulizia unga wa mkaa.

Mali ilikuwa yake. Urafiki wetu ulitangulia biashara kwa miaka mingi. Yeye aliagiza kitani kwa jumla, mimi nikashona mashuka, foronya na vitambaa vya meza. Safari ile alinipa majora 18 kwa mali kauli, kila jora mita 30. Chukua, uza, lete fedha. Hatukuandikiana kitu zaidi ya idadi. Mzigo ukiharibika ni wa nani? Hatukuulizana, tuliona aibu, kana kwamba kuuliza ni kumdhania mwenzako vibaya.

Majora 11 nilishayauza. Fedha za 6 nilimfikishia. Za 5 zilimezwa na shida za nyumbani, nikijipa moyo kwamba nitazirudisha yale 7 yaliyobaki yakitoka. Ndiyo hayo 7 yaliyoota ukungu.

Akaja mwenyewe, bila taarifa. Nilianza kulia kabla hajaketi. Hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alisema tu, "Lete daftari, dada. Lete na futi. Tufungue yote."

Tukayatandaza moja baada ya jingine. Yeye alishika ncha moja, mimi nyingine, tukakiinua kitambaa kuelekea dirishani ili mwanga upenye, na kila penye doa tukachora mstari kwa chaki. Kazi hiyo ilituchukua mchana kutwa. Kwenye jora la tatu aliokota ile plastiki niliyoivua, akaigeuzageuza mikononi. Ilikuwa nzito, imezungushwa gundi kila upande. "Hii nilifunga mimi," alisema taratibu. "Na siku ile mvua ilikuwa inanyesha." Nami nikamwambia nilichokuwa nimekificha: kwamba robota lile nililiweka chini kwenye saruji tupu, likaegemea ukuta, msimu wote wa mvua.

Kitani kina kiu. Kinaweza kubeba unyevu karibu 20% ya uzito wake na mkono wako usihisi kwamba kimelowa. Kikiachwa kwenye hewa hukauka upesi. Kikizibwa kwenye plastiki, unyevu hauna pa kutokea, na kuvu inapata nyumba. Jambo hili lilimuuma mwenzangu kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyenifundisha kitani. Ndiye aliyewahi kunieleza jinsi wakulima wa Normandy na Ubelgiji wanavyoung'oa mmea wa kitani na mizizi yake, wakaulaza shambani wiki kadhaa, umande na kuvu vikala ile gundi inayoshikilia nyuzi kwenye bua. Bila kuvu ile nyuzi haziachii. Sasa kuvu imerudi kudai kitambaa chenyewe.

Tulijaribu kuokoa. Kitani hakiogopi maji yanayochemka, na kikiloa huwa na nguvu kuliko kikiwa kikavu, kwa hiyo tulichemsha vipande viwili bila hofu. Vidoa vikatoka weusi vikawa kijivu, vikagoma hapo. Nilipotaka kutia dawa kali ya kung'arishia alinizuia. "Itakula nyuzi. Utauza shuka litakalochanika kwa mteja, tuanze deni jingine."

Katika mita 210, safi zilikuwa 96. Tulizifua ili kuondoa harufu, zikasinyaa zikabaki 91. Nilidhani zile 5 zitakuwa juu yangu. Alikataa: yeye kitani chake hukiuza kabla hakijafuliwa, na tulikifua kwa sababu ya ukungu, basi kusinyaa kule ni sehemu ya hasara. Akaandika 119.

Hapo nikamwambia aniandikie yote mimi. Nilisema hivyo kwa dhati, lakini nikichunguza moyo wangu naona nilitaka kulipa kila kitu ili nisilazimike kumtazama tena usoni. Aliiweka kalamu chini.

"Yale majora 5 uliyauza, ukala fedha. Hilo ni deni, hatulijadili. Hii ni hasara. Hasara tunaijadili."

Neno "ukala" lilinichoma. Lilinipa ahueni pia, kwa sababu hatimaye limesemwa na yeye bado amekaa palepale, kiatu kimoja amekivua, daftari liko gotini.

Tukajadili hadi giza likaingia. Yeye alitaka nusu kwa nusu. Mimi nikasema plastiki ilikuwa ya siku moja, saruji ilikuwa ya msimu mzima, na kukagua mzigo ilikuwa kazi yangu. Tuliishia thuluthi mbili kwangu, mita 79, na 40 kwake. Nikibeba na zile 150 nilizokula, nilidaiwa mita 229, kwa bei ya siku nilipochukua mzigo. Zile 91 safi ningelipa kadiri zinavyouzwa. Tukatia sahihi wote wawili.

Nililipa kwa miezi 14. Kuna mwezi nilipata fedha za mita 4 tu. Nilizipeleka. Akahesabu, akaandika 4, akanipa stakabadhi kama ambavyo angempa mteja yeyote, na nilimshukuru sana kwa stakabadhi ile.

Siku ya mwisho alipiga mstari chini ya upande wangu. Upande wake zile 40 bado zilikuwapo. Nikamwambia sasa nina nafuu, nitazimaliza na hizo. Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Hizo ni zangu."

Kisha akaingia ndani akatoka na majora 4, safari hii yamefungwa kwa shuka kuukuu la pamba. Nikainama niyabebe. Akayashika asiyaachie.

"Yakiharibika?" aliuliza.

Nikavuta kiti, nikaomba kalamu.