Siku yangu moja ya upimaji, Mtwara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nachomoa betri za GPS na za totali stesheni, mashine ya kupimia pembe na umbali, kwenye chaji. Saa moja tuko Naliendele, shambani kwa bibi anayetaka kuwagawia wanawe viwanja angali hai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaeni kwanza mle mihogo."

Tukishakula natafuta bikoni za zamani, zile alama za mipaka zilizosimikwa ardhini. Siku hizi sianzi kazi mpaka nihakiki tatu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliamini moja, kumbe ilikuwa imeng'olewa na kusimikwa pengine. Msingi wa nyumba nilioupimia ukaingia kwa jirani, na mzee wa watu akavunja ukuta wake mbele ya macho yangu. Lile rundo la matofali silisahau.

Saa tatu wanafika majirani na mwenyekiti wa mtaa. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. GPS itanipa nukta kwa usahihi wa sentimita mbili, lakini nukta hiyo ni ya nani, wanajua wao. Jirani wa mashariki anasema mkorosho mkubwa ni wake, bibi naye anasema ni wake. Wanapandisha sauti. Bibi anainama, anafukua majani makavu kwa panga, na chini yake vinatokea visiki vya minyaa vilivyooza, vimefuatana mstari mmoja. Jirani anapiga goti, anakigusa kimoja. "Hii alipanda baba," anasema taratibu. Mkorosho umebaki upande wa bibi, na jirani akasaini fomu bila kusukumwa na mtu.

Saa tano. Chini ya mikorosho GPS haishiki setilaiti vizuri, kwa hiyo vijana wanafyeka laini nami natega totali stesheni. Kwenye kila kona tunasimamisha nondo, tunamwaga zege, naandika namba likiwa bado bichi.

Saa tisa, Mikindani. Mteja anataka nyumba ya wageni karibu na maji. Napima na kumwonyesha mita 60 kutoka ufukweni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda zisijengwe. Amenyong'onyea, ila msingi haujachimbwa.

Saa kumi na moja jioni nashusha data na kupiga hesabu. Simu inaita.

"Mjukuu wangu, mbuzi wamelizunguka zege."

Nimemwambia aweke miiba mpaka asubuhi.