Nilinunua kiwanja kinachogusa barabara kuu, nikalia. Cha pili nilinunua ambapo kila mtu alikuwa anahama

Mjomba wangu ana kauli moja tu kuhusu ardhi, na kila ukoo ukikutana lazima airudie: "Nunua kinachogusa barabara." Hana ya pili. Siku ilipotangazwa kwamba barabara kuu mpya ya njia sita itapita upande wetu wa mji, alinipigia simu kabla hata sijamaliza kusikiliza habari. "Mpwa wangu, ukichelewa utalia."

Sikuchelewa. Nililia vilevile.

Dalali alinipeleka hadi penyewe. Palikuwa na safu ya vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, kila kimoja na namba yake, na kiwanja changu kilikuwa nyuma kidogo ya safu hiyo, nje kabisa ya hifadhi ya barabara. Hilo la hifadhi nililihakikisha, sikuwa mjinga kiasi hicho. Kigingi kilichonitazama kilikuwa kimeandikwa 12+400. Nikadhani ni alama za mafundi wenyewe kwa wenyewe. Nikakipiga picha, nikamtumia dada: "Lami itapita mlangoni kwangu!" Nililipa karibu mara mbili ya bei waliyonunulia majirani mwaka mmoja kabla ya tangazo, na nikajiona mjanja kwa sababu aliyekuja wiki iliyofuata aliambiwa zaidi.

Nyumba niliijenga, hilo halina hadithi. Hadithi ni ya siku walipoleta uzio.

Nilikuwa dirishani. Vijana wa mkandarasi walikuwa wanachimbia nguzo za chuma, moja baada ya nyingine, na mimi nikawa nasubiri wafike mbele ya geti langu waache nafasi. Walifika. Wakapita. Nikatoka na kandambili mbio kumwuliza msimamizi mlango wangu wa kuingilia barabarani utakuwa wapi. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama nimesoma namba ya kigingi.

Basi akanisomea. 12+400 maana yake ni kilomita 12 na mita 400 kutoka mwanzo wa mradi. Akafunua mchoro juu ya boneti ya gari, akaonyesha kidole mahali barabara inapojikunja kama masikio mawili: hapo ndipo pa kupandia na kushukia. Paliandikwa 18+200. Nikatoa kichwani: kilomita tano na mita mia nane. "Na kwa njia ya vumbi," akaongeza, "ni kama tisa, kwa sababu ya bonde." Kwa hiyo ili niende mjini, nilitakiwa kwanza niupe mji mgongo kwa kilomita tisa, ndipo nipande barabara na kupita tena mbele ya nyumba yangu mwenyewe kwa kasi, nikiiona.

Mkitaka kuchukua kitu kimoja kwangu chukueni hiki. Vigingi vinasomeka, michoro inaangalika ukiomba kwa adabu, na kutoa namba moja kwenye nyingine hakuhitaji mhandisi. Dalali hajui kusoma vile vigingi. Au anajua sana.

Kosa la mjomba, na si lake peke yake, ni kudhani barabara zote ni za aina moja. Barabara ya kawaida ni kama baraza: ukitoka nje uko juu yake, unafungua duka, basi linasimama, jirani anavuka. Barabara kuu yenye uzio ni bomba. Maji yanapita chini ya nyumba yako siku nzima na wewe una kiu, kwa sababu koki iko kwa mwingine. Bei inapanda pale kwenye koki, na kando ya bomba unabaki na mtetemo. Tena bomba likishalazwa linakata kijiji. Rafiki yangu aliyekaa ng'ambo, ambaye zamani tulikuwa tunaitana kwa sauti, nikawa nampungia mkono tu. Daraja la waenda kwa miguu lilikuwa mbali kiasi kwamba kumtembelea kulichukua dakika arobaini.

Sasa kelele. Hapa nilipewa ushauri mbaya kuliko wote: "Panda miti." Kila mtu aliusema, hata watu ambao hawajawahi kuishi karibu na kitu chochote chenye magurudumu. Nikapanda safu ya miti kando ya uzio, nikaimwagilia kwa ndoo miezi yote ya kiangazi, nikaipa mbolea, nikazungumza nayo. Ikakua vizuri. Ikapendeza. Malori yakaendelea kulala chumbani kwangu. Baadaye ndipo nikasoma kwamba safu ya miti haizuii chochote cha maana: unahitaji msitu mnene wa kama mita 30 kwenda ndani ndipo upunguze desibeli (kipimo cha kelele) tano hivi. Kinachosaidia ni ukuta mzito, usio na tundu, mrefu kiasi kwamba ukisimama dirishani huyaoni magari. Ukiyaona, unayasikia. Miti yangu ilinizuia kuyaona wakati wa mchana, ikanidanganya macho, masikio yakakataa.

Na kusogea nyuma kidogo hakusaidii kama watu wanavyodhani. Kwenye ardhi ngumu, kila ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye barabara yenye magari mfululizo, kelele zinashuka kama desibeli tatu tu, na sikio linahitaji karibu kumi ndipo likubali kwamba zimepungua nusu. Piga hesabu: kutoka mita 50 nenda 100, kisha 200, kisha 400, na hapo ndio kwanza unakaribia nusu. Kiwanja changu hakikuwa hata na mita arobaini za urefu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, na 45 usiku. Simu yangu, ambayo najua si kipimo cha kitaalamu, ilikuwa inasoma 68 saa saba za usiku, kitandani, dirisha likiwa wazi. Nikilifunga, joto. Nikilifungua, malori. Miaka miwili.

Nilipoamua kuuza, wanunuzi walikuja mchana, wakasimama uani, wakaanza kupaza sauti bila kujijua. Mimi nilishazoea, niliwatazama tu midomo. Mmoja alinipigia simu akiwa anarudi, amekwama kwenye ile njia ya bonde, akasema tusisumbuane. Mwishoni aliyenunua alikuwa na mitambo ya ujenzi anataka pa kuihifadhi. Mitambo hailali usingizi. Alilipa bei ya ardhi, nyumba akanihesabia kama banda la mlinzi. Sitasema nilipoteza kiasi gani, ila akiba ya miaka kadhaa ilibaki pale kando ya uzio pamoja na miti yangu.

Sasa majivuno, maana nimeshajidhalilisha vya kutosha.

Mara ya pili sikumwuliza mtu. Kwanza nilikwenda kule 18+200, kwenye koki yenyewe. Bei zilikuwa zimeshapanda hadi mawinguni, na kila wiki kitu kipya kilikuwa kinaota: kituo cha mafuta, ghala, maegesho ya malori, ghala jingine. Kwa mwenye biashara ni sawa kabisa. Kwa mwenye kutaka kulala, jirani yako leo ni bustani na mwakani ni karakana, na utavuta moshi. Nikaondoka.

Kisha nikaenda mwisho, kule mbali, alikonunua shemeji yangu. Viwanja vipana, nyumba mpya zimepangwa kama meno, hewa safi. Shemeji alinionyesha saa yake siku ile ya kwanza: "Dakika ishirini na tano hadi mjini!" Na alikuwa anasema kweli. Ila mimi nilishakuwa mtu wa kusoma sasa. Marekani walipitisha sheria ya barabara zao kuu mwaka 1956, na mtafiti Nathaniel Baum-Snow mwaka 2007 alikadiria kwamba kila barabara kuu mpya iliyopita katikati ya jiji ilipunguza wakazi wa jiji lenyewe kwa kama asilimia 18. Watu hao hawakupotea. Walisogea nje, kama shemeji, kwa sababu watu hatununui kilomita, tunanunua dakika, na barabara ilikuwa imezishusha bei dakika. Tatizo ni kwamba wote wananunua dakika zilezile. Mwaka 2011 wachumi wawili, Gilles Duranton na Matthew Turner, walionyesha kwamba ndani ya miji ya Marekani ukiongeza kilomita za barabara kuu, kilomita zinazoendeshwa zinaongezeka karibu kwa uwiano uleule. Kule Houston waliipanua barabara moja hadi sehemu zake pana zikafika njia 26 ukihesabu na za pembeni, kazi ikakamilika 2008, na miaka michache baadaye foleni za asubuhi zilikuwa zimerudi.

Nikamwambia shemeji dakika zake zitaliwa. Akacheka. Leo ni dakika sabini siku njema, na analalamika kwamba "watu wamejaa sana kule." Namwachia tu. Yeye alikuwa wa tatu kuhamia.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo mpaka leo najipongeza nalo: haya malori yote yaliyokuwa yananilalia chumbani, zamani yalikuwa yanapita wapi?

Yalikuwa yanapita barabara ya zamani. Ile nyembamba, inayopita katikati ya makazi, ambayo tulikuwa tunaiogopa. Hakuna aliyeitaka nyumba pale. Nikaenda na daftari, nikakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, nikahesabu malori kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili. Kumi na moja. Zamani ungeyaona kumi na moja kabla hujavuka upande wa pili. Nikarudi Jumatatu asubuhi, nikarudi siku ya mvua, nikarudi mwisho wa mwezi. Kumi na nne. Tisa. Kumi na mbili. Mwenye kibanda jirani akaanza kuniuliza kama nimetumwa na serikali.

Na mabango ya "inauzwa" yalikuwa kila nyumba ya nne. Wenye maduka walikuwa wanahama kwa sababu wapita njia wameisha, na walikuwa na haki ya kulia, biashara zao ziliuawa kweli. Wenye nyumba wakawaona wenye maduka wanahama, nao wakaogopa. Madalali bado walikuwa wanataja mahali pale kwa sifa yake ya zamani, "kule kwa malori", na bei ilikuwa ya kule kwa malori. Malori yenyewe hayapo! Mabasi bado yanapita, shule ipo, koki ya kupandia barabara kuu iko dakika nane, na barabara kuu ikiziba unayo njia nyingine ya mjini mlangoni.

Nyumba niliyochukua iko mstari wa pili kutoka barabarani. Mwenyewe alikuwa ameziba dirisha lote la sebule upande wa barabara kwa matofali, na lile la chumba kikubwa pia, enzi za kelele. Ndani giza kama pango. Wanunuzi walikuwa wanaingia, wanatoka. Mimi nikatumia giza lile kuomba punguzo, nikapewa kubwa tu. Wiki ya kwanza fundi alivunja matofali kwa nyundo, vumbi hadi kwenye masikio, mwanga ukaingia ukafika ukuta wa mbali, na tukasimama wote wawili kimya tukisikiliza. Baiskeli ikapita. Tukaisikia mnyororo wake.

Nisiwadanganye kwamba ni peponi. Ajali ikitokea barabara kuu, magari yote yanarudi kwetu kama ndugu waliopotea, na jioni hiyo husikilizani na mtu. Na kabla ya kununua nilihakikisha hakuna mpango wa kulipisha barabara ile mpya, kwa sababu siku watakapoweka malipo, wenye malori wenye hesabu zao watarudi huku usiku. Hilo naliangalia kila mwaka. Nyinyi pia angalieni.

Mwezi uliopita jirani wa mstari wa kwanza aliuza. Bei aliyopata ilinifanya niketi chini. Mjomba akaja kunitembelea wiki hiyohiyo, akakaa barazani, akanyoosha miguu, akaangalia barabara ile tupu kwa muda mrefu. Jioni nikamsikia anaongea na simu na binamu yangu anayetafuta kiwanja.

"Huyu dada yako alinisikiliza," alikuwa anasema. "Nilimwambia, nunua kinachogusa barabara."

"Ya zamani, mjomba," nikapaza sauti kutoka ndani.

"Ya zamani," akamwambia binamu. "Nilimwambia ya zamani."