Dakika 14 Kati ya Dunia na Mirihi

Nimemaliza kusikiliza tamthilia ya sauti ya bunilizi ya kisayansi ambayo waigizaji wake wawili wakuu ni miongoni mwa waigizaji hodari niliopata kuwasikia, na bado imeniacha na uchungu mwingi kuliko furaha. Sitaitaja jina, kwa kuwa kasoro yake kubwa imo katika tamthilia nyingi za aina hii, na kwa kuwa waigizaji hao hawastahili kulaumiwa kwa makosa ya mswada.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Mhandisi mmoja wa kike amebaki peke yake katika chombo kinachokaribia Mirihi baada ya wenzake kufariki, na sauti pekee inayomfikia kutoka Duniani ni ya mtu wa zamu ya mawasiliano, ambaye zamani alikuwa mume wake. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, yaani takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini umbali kati ya sayari hizi mbili hubadilika kutoka kilomita milioni 55 hivi hadi milioni 400, kwa hiyo ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kufika upande wa pili. Katika tamthilia hii unachukua dakika 14. Anayeuliza swali husubiri karibu nusu saa apate jibu, na katika nusu saa hiyo mambo mengi huharibika.

Vipindi vitatu vya kwanza vinalitumia jambo hilo kwa ustadi mkubwa. Mhandisi anauliza kama afunge mkondo wa hewa ya chumba cha nyuma, halafu analazimika kuamua mwenyewe kabla hajajibiwa. Jibu linapofika, sauti ya yule mwanamume inamwelekeza kwa upole afanye kinyume kabisa cha alichokwisha kufanya, nasi tunaisikia pumzi ya mhandisi tu, inayokatika, inayotulia, kisha inayogeuka kuwa kicheko kidogo kisicho na furaha. Mwigizaji huyo hakupewa hata neno moja la kusema hapo, na hakulihitaji. Mwenzake naye anazungumza kama mtu anayejua kwamba maneno yake yatamfikia mtu ambaye huenda hayupo tena. Kila anapolifikia jina la mkewe wa zamani anasita kidogo, na kusita huko kunaeleza habari za ndoa yao kuliko hotuba yoyote.

Kisha kinakuja kipindi cha nne. Mwandishi, ambaye nadhani alichoka kuwatenganisha wahusika wake, anamfanya mhandisi agundue katika ghala la chombo kifaa kinachowawezesha kuzungumza papo kwa papo. Kifaa hicho kinaelezwa kwa hotuba ndefu isiyoeleweka, na kuanzia hapo wawili hao wanagombana kama watu wowote wanaopigiana simu. Yale yaliyokuwa yakisemwa na pumzi na kusita sasa yanatamkwa wazi, tena mara mbili mbili, huku muziki ukifunika kila nafasi ya ukimya.

Ukimya ndio mali ya mchezo wa redio. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles na wenzake walipoigiza uvamizi wa watu wa Mirihi kupitia mtandao wa redio wa CBS nchini Marekani, mtangazaji wa kubuni alikatika katikati ya maelezo yake na hewani hapakusikika kitu. Frank Readick, aliyemwigiza mtangazaji huyo, alijiandaa kwa kusikiliza rekodi ya Herbert Morrison akitangaza ajali ya moto ya meli ya angani Hindenburg ya mwaka 1937. Maandalizi hayo yalizaa matunda kwa sababu mswada ulimwachia nafasi ya kunyamazishwa.

Kuhusu milio ya milipuko inayosikika nje ya chombo, mahali ambapo hakuna hewa ya kuipitisha sauti, mimi si mkali, maana msikilizaji asiposikia kitu hana cha kushika. Ingawa mtikisiko unaopita katika kuta za chombo, ukisikika kutoka ndani ya kofia ya mhandisi, ungetisha zaidi. Nisichoweza kukisamehe ni sentensi za aina ya "Tazama, mlango unafunguka wenyewe!" anazozitamka mtu aliye peke yake.

Katika kipindi cha mwisho kile kifaa kinaharibika, na kwa dakika chache zile 14 zinarudi. Mwanamume anatuma ujumbe mmoja tu, bila kujua kama utapokelewa, na waigizaji wote wawili wanarejea mara moja katika kiwango chao cha mwanzo. Halafu mhandisi anapata waya wa akiba, anakitengeneza kifaa, na ugomvi unaendelea palepale ulipokuwa umeishia.