Methilini bluu imetakata, maji ya batiki yamegoma: kumbukumbu ya mradi, sehemu ya tatu

Nataka kuondoa rangi kwenye maji machafu ya batiki kwa jua na unga wa titani dioksidi, nikianza na methilini bluu, rangi ya kujaribia. Chupa za plastiki nilizotumia awali nimeziweka kando. Sasa natumia mabakuli mapana yasiyofunikwa, kwa sababu titani dioksidi ya aina ya anatasi (umbo mojawapo la fuwele zake) huamshwa na mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 387 hivi, yaani urujuanimno, nao kwenye jua ni asilimia chache tu. Sioni haja ya kuuchuja tena kwa plastiki.

Mabakuli ni matatu, yote yana methilini bluu, miligramu 10 kwa lita. La kwanza lina unga na liko juani. La pili lina unga ila nimelifunika kwa karai. La tatu liko juani bila unga. La gizani lilipauka kidogo likatulia: ni rangi iliyonata kwenye unga, basi. Lisilo na unga lilijikokota. La kwanza lilikuwa jeupe kabla ya adhuhuri.

Sikushangilia bado. Methilini bluu ikipokea elektroni hupoteza rangi bila kuvunjika, na ikipata oksijeni hurudi bluu. Watengeneza batiki wanaijua tabia hiyo: kitambaa hutoka kwenye kostiki na haidrosulfaiti (kemikali inayoipa rangi elektroni) kikiwa na rangi nyingine, halafu hewa ndiyo huikoleza ile halisi. Nikayatikisa maji yangu sana, nikayalaza gizani. Bluu haikurudi. Vipande vya molekuli huenda bado vimo. Bila kupima kaboni iliyobaki majini sitamwambia mtu kwamba maji hayo ni safi.

Kisha jirani anayetia batiki akanipa ndoo ya maji yake ya kweli. Titani haikufua dafu. Maji ni mazito, mwanga haupenyi, na haidrosulfaiti hula oksijeni ambayo unga unaitegemea ipokee elektroni zake. (Ukijaribu kwako, usimwage asidi humo: itatoka salfa dioksidi, gesi ya kukaba koo.)

Nikatia pampu ya tangi la samaki ipige hewa. Rangi hizi za batiki zikishiba oksijeni haziyeyuki tena majini, kwa hiyo nyingi zilizama zenyewe. Pampu ya bei ndogo imeutangulia unga wangu wa nano! Mchanga utachuja tope. Titani nitaipa mabaki tu, tena ikiwa imegandishwa juu ya vipande vya vigae, maana unga mtupu hupita kwenye kitambaa na sitaki kuumwaga mtaroni.