Njia ya Askari wa Forodha: Siku Tatu kwa Miguu katika Pwani ya Cornwall

Kwetu Pangani, mtu akitaja njia za panya anakusudia njia za wenye magendo, wanaoshusha mali usiku mahali pasipo na forodha. Ndiyo maana mwenzangu wa kazini aliponieleza kwamba njia ya miguu ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza imetokana na magendo, nilidhani walioikanyaga ni wenye magendo wenyewe. Sivyo. Waliikanyaga askari waliokuwa wakiwawinda.

Njia hiyo huanzia mji wa Minehead, ikazunguka mikoa ya Devon na Cornwall, ikaishia kwenye mlango wa bandari ya Poole huko Dorset, kilomita 1,014 kwa jumla. Anayeimaliza yote hupanda zaidi ya mita 35,000, karibu mara sita ya urefu wa Kilimanjaro, ingawa mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 320. Sisi hatukuwa na likizo ya kutosha wala, kwa upande wa mwenzangu, magoti ya kutosha, hivyo tulichagua kipande cha siku tatu kutoka St Ives hadi Sennen.

Katika karne ya 18 chai, brandi, jini na tumbaku vilitozwa ushuru mzito mno. Ushuru wa chai peke yake ulifika asilimia 119 kabla ya Bunge kuushusha hadi asilimia 12.5 mwaka 1784, na huku Cornwall, penye vighuba visivyohesabika na maskini wengi, kuingiza chai usiku halikuwa jambo la aibu. Mwaka 1822 serikali iliunganisha vikosi vyake vya doria vikawa kikosi kimoja cha Walinzi wa Pwani. Walijengewa nyumba za safu karibu na bahari, nyingine zipo hadi leo, na kila askari alikuwa na kipande chake cha kutembea na taa mkononi.

Nilizielewa habari hizo kwa miguu siku ya kwanza tu, kati ya St Ives na Zennor. Ni kilomita kumi hivi, umbali ambao barabarani ningeumaliza kwa saa mbili na kidogo. Tulitumia karibu saa sita. Kijia hakikubali kukata kona hata moja. Kinapanda ukingoni mwa jabali, kinapita kati ya mawe ya itale makubwa kama vibanda, kinazama kwenye tope jeusi lililonivua kiatu cha kushoto, kisha kinateremka hadi usawa wa maji na kupanda tena, huku vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano vikikukwaruza mapaja. Nikalalamika kwamba aliyepima njia hii hakuwa na haraka ya kufika popote. Mwenzangu akajibu kwamba ndivyo hasa ilivyokuwa, kwa kuwa askari hakutumwa kufika mahali, alitumwa kuchungulia kila ghuba, na ghuba ambayo hakuichungulia ndiyo ambayo mapipa yangeshukia. Tukakaa kwenye jiwe tukanywa chai ya Mufindi niliyotumiwa na dada yangu, iliyoingia nchini kihalali kabisa.

Siku ya tatu, baada ya mnara wa taa wa Pendeen, mandhari yalibadilika yakawa ya migodi. Hapa watu walichimba bati na shaba hadi chini ya sakafu ya bahari. Katika mgodi wa Levant wachimbaji walishuka na kupanda kwa mtambo wa nguzo zilizokuwa zikienda juu na chini, kila mtu akihama kutoka kibao kimoja kwenda kingine. Tarehe 20 Oktoba 1919 kiungo cha juu kilikatika, na watu 31 wakafa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwenzangu, ambaye ni mzaliwa wa hapa, aliniambia kwamba bei ya shaba ilipoanguka katika karne ya 19 maelfu ya wachimbaji walihamia Australia, Marekani na baadaye Afrika Kusini, na wake zao wakabaki wakisubiri fedha zifike kwa meli. Hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwangu, mtu ambaye kila mwisho wa mwezi hutuma fedha Pangani kabla hajalipa umeme.

Jioni tuliteremka Porth Nanven, ghuba ndogo iliyojaa mawe ya mviringo, laini kama mayai, mengine madogo ya kutosha kiganjani na mengine hayabebeki na watu wawili. Bahari iliyasugua zama ambazo maji yalikuwa juu zaidi ya yalivyo sasa, na bado mengine yanaonekana yamekaa ndani ya ukuta wa jabali, yakisubiri kudondoka. Watu waliyapenda mno wakawa wanayabeba kwenda kupambia bustani zao, hata ikabidi kuyachukua kupigwe marufuku. Nilikuwa nimekwishaokota moja, la kijivu lenye madoa meupe, kwa ajili ya mama. Nikaliweka chini. Kabla ya kuliweka, lakini, niliinua macho kutazama kijiani kama kuna mtu.