Maswali ambayo simu haikuyaweza

Mara ya kwanza niliposimamia chemsha bongo ya chama chetu pale Buruburu, Nairobi, iliharibika ndani ya robo saa. Niliuliza mji mkuu wa Australia. Jibu likaja kabla sijameza mate: Canberra. Nilipoangalia, mjibu mwenyewe uso ulikuwa unang'aa kwa mwanga wa simu iliyofichwa chini ya meza. La pili vivyo hivyo. Kufikia swali la tano tulikuwa tunashindania bando, si akili. Mshindi akaenda na pakiti ya unga ya kilo mbili, nami nikalala na hasira zangu.

Mwezi uliofuata nilipiga marufuku simu. Wapi! Huyu anangojea M-Pesa, yule mtoto wake hajafika nyumbani. Nikaona watu hawabadiliki, heri nibadilishe maswali.

Neno la kwanza nililipata jikoni kwangu. Niliuliza ndizi yangu imeenda wapi, binti yangu akamnyooshea kakake kidole: "Aliila!" Sijui kwa nini nililiandika kwenye karatasi. A-l-i-i-l-a. Lianzie mwisho urudi mwanzo, ni lile lile. Waingereza wana "madam" yao, na wanajivunia kweli, kumbe sisi letu lilikuwa hapa kwenye maganda ya ndizi. Jumamosi nikauliza: neno gani la herufi sita husomeka sawa mbele na nyuma, nalo linaeleza mtu alichoifanyia ndizi? Watu walianza kuandika hewani kwa vidole. Aliyetoa simu aliigeuzageuza, kisha akairudisha mfukoni. Raha niliyoipata hapo siwezi kuificha.

Nikaongeza na hili: "Paa alipaa akatua juu ya paa, mvuvi akiwa anapaa samaki." Toa maana zote nne. Mnyama, kwenda juu na la nyumba walizitoa haraka. Ya nne, kukwangua magamba, iliwashinda wote isipokuwa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye alicheka mpaka akashika mbavu kwamba sisi watu wa bara tunakula samaki bila kujua anavyoandaliwa.

Ushairi ulinipa shida zaidi. Ukiuliza nani aliandika Sauti ya Dhiki, simu inakuambia ni Abdilatif Abdalla, kwamba aliitunga akiwa kifungoni Kamiti na ikachapishwa 1973. Mambo ya kujua, sikatai, ila hakuna aliyechemsha chochote. Basi nikatunga mishororo yangu miwili na kuacha pengo:

Tulipofika mjini, bila ya kutarajiwa,
Tukaketi hotelini, na chapati ............

Sharti ni mizani nne, yaani silabi nne, na silabi ya mwisho iwe kina cha "wa". Mmoja akasema "zikaletwa", mwingine akapaza sauti, "tukanyimwa!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi ningempa alama papo hapo, maana hadithi ilikuwa imenoga. Lakini tunaye mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akainua kidole: mizani ni sawa, ila "mwa" si "wa", na "twa" pia si "wa". Mabishano yalimeza nusu saa na chai ikapoa. Mwishowe "tukapewa" ndilo lililopita, jibu sahihi lisilo na ladha yoyote.

Kwa televisheni niliwaigizia sauti. Nilijaribu ya Mzee Ojwang wa Vitimbi, vibaya sana, lakini kila aliyezidi miaka thelathini alilijua jibu kabla sijamaliza sentensi. Kisha nikauliza barabara mbili za mbali zinazojulikana duniani kwa sababu ya televisheni tu: Sesame Street, iliyoanza kuonyeshwa Marekani 1969, na Coronation Street ya Uingereza, ambayo iko hewani tangu 1960.

Hapo kwenye barabara ndipo nilipojikwaa. Niliuliza kwa kujiamini: waziri Tom Mboya aliuawa barabara gani? Jibu nililoandika kwenye karatasi yangu lilikuwa Tom Mboya Street. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye huja kwa ajili ya chai na hajibu swali lolote, akaweka kikombe chini.

"Mama, hapo umeteleza."

Alikuwa tarishi mjini siku hizo. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, na Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Tom Mboya Street yenyewe wakati huo iliitwa Victoria Street, jina lake ilipewa baadaye. Ndiyo maana sanamu yake, iliyosimamishwa 2011, iko Moi Avenue, karibu na pale alipoangukia. Nimepita hapo miaka yote nikikimbilia matatu, na sikuwahi kujiuliza.

Nilifuta alama, nikaomba radhi, na Jumatano nikambishia mzee hodi nikiwa na daftari. Akanitajia bila kupumua: Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere, Koinange ilikuwa Sadler, Mama Ngina ilikuwa Queensway, Kimathi ilikuwa Hardinge. Kutokana na hayo nilitunga swali ambalo mpaka sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote: "Natembea Queensway, nafika kwenye kona ya Hardinge. Nani ananitazama akiwa na bunduki mkononi?" Ukilipeleka kwenye simu kama lilivyo, utahangaika. Sharti uitembee Nairobi mbili kwa wakati mmoja. Jibu ni Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilimnyonga tarehe 18 Februari 1957, na sanamu yake ikazinduliwa tarehe iyo hiyo, 2007, kwenye njia mbili ambazo zamani zilibeba majina ya Malkia na kamishna wa kikoloni.

Siku hizi mzee huja mapema na hukaa kando yangu. Wiki iliyopita, nikimsindikiza getini, alinigeukia.

"Na Kirinyaga Road je, iliitwaje?"

Sikujua.

"Grogan. Waulize makanika, wao bado wanasema Grogan."

Nikaliandika nyuma ya risiti ya unga.