Nilivyowafundisha wakazi wa bonde la Msimbazi kubaini tope la ujenzi

Picha ya mto wenye rangi ya chai ya maziwa haimshtui afisa yeyote Dar es Salaam. Masika yakishika, Msimbazi na vijito vyake huwa hivyo hata pasipo na kijiko kinachochimba. Kwa hiyo mafunzo niliyaanzia kwenye kulinganisha: unachota maji juu ya mahali ambapo mtaro wa eneo la ujenzi unaingia mtoni, kisha chini yake, ndani ya dakika chache, mvua ikiwa imetoka kukatika. Kesho yake tope limeshatuama na huna cha kuonesha.

Kipimo tulitengeneza wenyewe. Chukua bomba la plastiki linalopenyeza mwanga, urefu wa sm 60, ziba chini, na ndani ya kizibo bandika kiduara kilichogawanywa robo nyeusi na nyeupe. Toboa karibu na kitako, weka mpira mwembamba wenye kibanio. Jaza maji, chungulia kutoka juu, yapunguze taratibu mpaka robo zile zionekane, kisha soma sentimita zilizobaki: zikiwa chache, tope ni jingi. Juu ya mtaro ukipata 30 na chini yake 6, una hoja. Vipimo huharibika kwa sababu mbili hasa: ndoo kukaa bila kukorogwa, udongo ukazama, au mchotaji kuingia mtoni na kutibua tope kwa miguu yake mwenyewe. Chota kwa kopo lililofungwa kamba ukiwa darajani. Msimbazi hubeba pia maji ya vyoo, na ukingo uliolowa humomonyoka ghafla.

Maji meupe yanataka uangalifu zaidi. Pugu, ambako mto unaanzia, kuna kaolini, yaani udongo mweupe, na maji yake hufanana sana na yaliyosafishia mashine ya zege. Karatasi za pH, za kupimia kama maji ni tindikali au alkali (7 ni katikati), humaliza ubishi: maji ya saruji mbichi hufika 11 hadi 13, ya kaolini hubaki karibu na 7. Asiye na karatasi aandike “maji meupe”, asiandike “saruji”, wala “sumu”. Neno moja lililozidi humpa mkandarasi mwanya wa kuikataa ripoti nzima.

Uzio wa kitambaa wa kuzuia tope unakaguliwa ukiwa barabarani, bila kuruka ukuta. Tazama kwanza chini: kitambaa kifukiwe kama sm 15, la sivyo maji hupita chini yake. Nguzo zikae upande wa bondeni, na ncha za uzio zipinde kuelekea mlimani ili maji yasizunguke. Tope likifika theluthi ya kimo, lizolewe. Uzio uliokatiza korongo ni kazi bure, kwani nguvu ya maji huung’oa. Pale panahitajika mawe. Halafu tazama geti: pasipo kokoto kubwa, matairi ya malori hutoa udongo hadi lami, na mvua inaumalizia mtaroni.

Ripoti iwe na saa, mahali, vipimo viwili, picha ya bango la mradi na picha zinazofuata njia ya tope kutoka eneo hadi mtoni bila kuruka hatua. Picha zitumwe WhatsApp kama faili. Zikitumwa kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za mahali. Kazi ikiwa jirani na mto, pima umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Barua hupitia ofisi ya mtaa kwenda kwa afisa mazingira wa manispaa, nakala NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana bila huo ufuatiliaji unaanza upya kila afisa anapohamishwa. Mkandarasi akisema amerekebisha, ngojea mvua inayofuata, upime pale pale.